Uso Uliokuwa Chini ya Suti

Mtaani kwao karibu kila mwanaume mzima amewahi kuvaa suti ileile. Ni suti ya buluu iliyokolea, shati jeupe ndani, tai yenye mistari myembamba, na haijawahi kufuliwa hata mara moja kwa sababu haina kitambaa. Inaishi ndani ya kompyuta ya mpiga picha Sabuni, kwenye duka la picha lenye mlango mmoja na pazia jekundu, kati ya kinyozi na fundi mihuri. Ukiingia na fulana iliyopauka, Sabuni anakukalisha kwenye stuli, anakuambia uinue kidevu, anakupiga picha, halafu anakitoa kichwa chako kwenye fulana na kukipandikiza juu ya suti. Ukirudi kuchukua picha unakuta mtu mwenye ofisi na katibu, na mtu huyo ni wewe. Kinyozi husema suti ile ingekuwa na mifuko, ndani yake zingekutwa funguo za nyumba zote za mtaa.

Jina la Sabuni alipewa na wateja. Kabla ya kumvalisha mtu lazima kwanza amwoshe uso. Chunusi, makovu, weusi wa chini ya macho, alama ya kitu ulichoanguka nacho ukiwa mdogo, vyote vinaondoka kwa brashi moja ndogo ya duara. Hakuulizi unataka nini kibaki. Mkono wake unaosha wenyewe, kama mkono wa mama unavyompangusa mtoto pua huku mdomo unaendelea kupiga soga na jirani.

Na kuna siri nyingine ndogo. Suti ile ilichorwa bega moja likiwa mbele kidogo, kwa hiyo kichwa kinachotazama upande wa pili hakikai, kinaonekana kama kimekosea nyumba. Dawa yake ni rahisi: Sabuni anaigeuza picha, kushoto kunakuwa kulia. Hakuna aliyewahi kulalamika. Watu wamezoea kujiona kwenye kioo, basi wakipewa picha iliyogeuzwa wanaona leo wametoka vizuri kuliko siku zote.

Nyumbani anaishi na mama yake na dada yake mkubwa, ambaye ni fundi cherehani. Baba yao alifariki zamani. Mama alikuwa ameanza kupoteza vitu. Kwanza miwani, kisha jina la jirani, kisha vitu ambavyo huwezi kuvitafuta chini ya kitanda: alasiri nzima, safari ya sokoni, habari kwamba kaka yake amekwisha kufa. Daktari wa zahanati aliwaambia taratibu, huku akikizungusha kifuniko cha kalamu, kwamba maradhi yale hayarudi nyuma. Wamweke tu karibu na vitu anavyovijua, visaidie kumshikilia.

Kitu alichopaswa kukijua kuliko vyote kilikuwa ukutani, juu ya kitanda chake. Picha kubwa ya baba, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu, amevaa suti. Sabuni aliitengeneza kwa mikono yake baada ya msiba na aliihesabu kuwa kazi yake bora. Siku alipomletea, mama aliitazama kwa muda, akasema, "Kapendeza," akaenda kuinjika chai.

Sasa asubuhi moja dada alimkuta mama amekaa kitandani na gauni la kulalia, hataki kabisa kubadilisha nguo.

"Siwezi kuvua mbele za watu," mama alisema, akionyesha ukuta kwa kidevu.

"Mama, huyo si baba?"

"Baba yenu namjua. Huyo ni mwanasheria."

Dada alicheka mpaka akafika jikoni, na huko jikoni kicheko kikamwisha. Akarudi, akaigeuza fremu ikatazama ukuta, mama akavaa. Lakini jioni mama akauliza mbona mume wake haonekani, na mbona hata picha yake hawana watu wazima wawili kama wao. Kesho yake akauliza tena. Akawa anauliza kila siku, bila hasira, kama mtu anayesubiri zamu yake ifike.

"Nileteeni yule mwenye cheche," alisema. "Yule wangu."

Baba yao alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Kinyago cha kukinga uso alikivaa pale tu mwenye kazi alipokuwa amesimama anatazama. Mwenye kazi akiondoka, na kinyago kinatundikwa. Cheche zilimwachia vidoa vidogo vyeusi vinavyong'aa kuanzia shavuni mpaka shingoni, kama mtu aliyerushiwa ufuta. Mama alipokuwa akimnyoa ndevu barazani alikuwa akivigusa kimoja kimoja kwa ncha ya kidole. "Nahesabu mageti," alikuwa akisema, na baba anajifanya amekasirika.

Sasa nani aliyavua mageti yale usoni kwa baba? Sabuni alijua. Alimwambia dada yake papo hapo, wakiwa jikoni, bila kuzunguka.

"Nilimwosha. Kabla ya kumvalisha."

Dada alimtazama, kisu mkononi, kitunguu nusu. "Ulimwosha baba?"

"Sikukusudia. Ndivyo ninavyofanya."

Picha halisi ya karatasi ilikuwepo moja tu, kwa sababu baba hakupenda kamera. Alisema ameshatazamana na moto wa kutosha, hataki tena wa kumulikwa. Katika picha hiyo amesimama na shati lake la kazi. Sabuni alipokwisha kuiskani aliirudisha kwenye fremu yake ya zamani, mvua za mwaka ule zikapenya dari, uso ukagandana na kioo. Dada alipojaribu kuibandua, karatasi ilibanduka, kioo kikabaki na uso vipande vipande. Wakaiacha hivyohivyo hadi ikatupwa.

Hata hivyo Sabuni hakuwa na wasiwasi mwanzoni. Faili la kazi lilikuwepo. Picha ya aina ile haiwi karatasi moja. Inakuwa na leya, yaani matabaka, kama plastiki nyembamba zinazopita mwanga zilizopangwa moja juu ya nyingine. Juu kabisa mwanga, chini yake suti, chini yake usuli wa kijivu, yaani ukuta wa bandia uliokatwa kumzunguka mtu, na chini kabisa, sakafuni, picha yenyewe uliyoanza nayo. Ukizima suti, unaona shati. Ukizima kila kitu, unamkuta mtu alivyoingia dukani.

"Baba yumo humo," alimwambia dada. "Nitamvua tu suti."

Alifika dukani, akawasha kompyuta, akabofya programu yake ya picha. Badala ya kufunguka ikamwonyesha dirisha la kijivu lenye maneno machache ya adabu sana. Programu ile ilikuwa ya kampuni kubwa, ya kuuzwa, lakini yake ilikuwa ya kuchakachua, kama ilivyokuwa ya karibu kila duka la barabara ile. Miaka yote haikuwahi kunusa intaneti. Wiki ile ndiyo alikuwa ameiunganisha kompyuta ili printa mpya ikubali kufanya kazi, na programu ikapata nafasi ya kwenda kujishtaki kwa kampuni yake.

Alimpigia fundi kompyuta.

"Kaka, hiyo imekufa," fundi alisema, nyuma yake redio inalia. "Siku hizi hawauzi, wanakodisha. Unalipa kila mwezi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uache kupiga picha. Kama kodi ya nyumba."

"Na mafaili yangu?"

"Yapo. Ni yako kabisa. Ila mlango si wako."

Sabuni alikaa akalitazama faili. Jina lake lilionekana, uzito wake ulionekana, hata tarehe. Alilibofya, dirisha la kijivu likarudi na adabu yake. Alijisikia kama mtu aliyesimama nje ya nyumba yao wenyewe na anasikia vijiko ndani.

Fundi mihuri ndiye aliyemkuta hivyo. Ni mwanamke mwenye mikono yenye wino mpaka kwenye viwiko, na mdomo ambao haujawahi kukosa kazi. Mihuri yote ya shule, vikundi na makanisa ya pale inatoka kwake.

"Sabuni, leo umejiosha mwenyewe? Mbona umepauka?"

Akamweleza. Akadhani atachekwa, na kweli akachekwa, ila kidogo.

"Miaka mingapi nakwambia uachane na vitu vya wizi? Mimi michoro yangu yote ya mihuri naichora kwa programu za bure. Na ya picha ipo, nzuri tu."

"Za bure zina virusi, dada."

"Zina kazi. Wewe ulikuwa unatumia ya kuibwa, leo unaogopa ya kupewa?"

"Mwenyewe ni nani?"

"Haina mwenyewe. Yaani wapo, wengi. Watu wa kila mahali wanaiandika pamoja, kila mmoja kipande chake. Na kilichomo ndani wanakiacha wazi. Ukitaka kuisoma mpaka utumbo, soma. Ukiona kosa, rekebisha, mpe na mwingine."

"Wanapata nini?"

Fundi mihuri alifikiri, na hilo lilikuwa jambo la nadra. "Sijawahi kuwauliza. Labda nao walifungiwa nje siku moja."

Aliileta kwenye flashi, wakaiweka. Ilipofunguka Sabuni aliona kila kitu alichokijua, ila kimehamishwa. Brashi ipo, lakini si pale. Mkasi upo, chini ya jina jingine. Vidole vyake vilikwenda kwenye vitufe vya zamani bila kumwuliza, akabonyeza kukuza, picha ikageuka; akabonyeza kurudisha, ikatokea orodha ndefu asiyoijua. Alikuwa kama mgeni aliyelala kwa watu anayepapasa ukuta akitafuta swichi. Mtu aliyeosha nyuso za mtaa mzima sasa hakuweza kukata sikio likatoka sawa.

"Polepole," fundi mihuri alisema. "Haikukimbii. Haina pa kwenda."

Kisha mwanamke yule akaliburuta faili la baba na kuliachia katikati ya dirisha. Sabuni alishika kichwa kwa mikono miwili. Ule mstari wa kuonyesha kazi inaendelea ukajaa, na baba yake akatokea kwenye kioo cha kompyuta, ndani ya suti, leya zote zimejipanga pembeni kama sahani kwenye kabati.

Mlango ule ambao mwenye kampuni aliufunga, watu wasiomjua walikuwa wameufungua, hawakumdai kitu.

Alizima mwanga. Alizima suti, na shati la kazi likatokea, kola imechakaa, kifungo cha juu hakipo. Alizima usuli wa kijivu, na nyuma ya baba ukatokea ukuta wa zamani wa nyumba yao na kipande cha dirisha. Ikabaki leya ya chini kabisa, sakafu, baba mwenyewe alivyosimama.

Shavu lilikuwa safi.

Alikuza. Shavu, taya, shingo. Ngozi laini, kama ya kijana wa tangazo la mafuta. Aliwasha leya zote, akazima tena moja moja, akitafuta kama chini ya sakafu kuna chumba kingine. Hakikuwepo. Akakumbuka basi, jinsi alivyokuwa akifanya kazi, anavyofanya mpaka leo: anaosha moja kwa moja juu ya picha ya chini, kabla ya kufungua leya yoyote, kwa sababu ni haraka na nani atamtaka mtu mchafu. Na skani yenyewe alikwisha kuifuta, diski ilikuwa imejaa, akajiambia faili la kazi linatosha.

"Hii programu imeshindwa kuzisoma cheche," alisema.

Fundi mihuri alichuchumaa mbele ya kioo akatazama, halafu akasema, "Imesoma kila ulichoiachia."

Alimsaidia kuandika swali kwenye ukurasa ambako watumiaji wa programu ile husaidiana. Jibu lilikuja kesho yake kutoka kwa mtu aliyeko upande mwingine wa dunia, ambaye hawakujua kama ni mzee au mwanafunzi. Alijibu kwa upole na kwa urefu. Alieleza kwamba picha ni vidoa vingi vya rangi, kwamba ukipaka kidoa kimoja rangi nyingine na kuhifadhi, cha kwanza hakijajificha popote, hakipo, na hakuna programu, ya bure wala ya kulipia, inayoweza kukirudisha. Akasema anasikitika. Mwisho akauliza, kama si vibaya, ni nani kwenye picha. Sabuni aliisoma sentensi hiyo mara kadhaa, akaufunga ukurasa.

Jioni alichapisha picha ilivyo, baba na shati lake, akaipeleka nyumbani. Dada aliipokea na kidole chake cha cherehani kikaenda moja kwa moja kifuani kwa baba.

"Nani alishona mfuko upande wa kulia?"

Mashati ya kiume mfuko hukaa kushoto. Sabuni akaelewa: alikuwa ameigeuza pia, ili kichwa kikubali suti. Alirudi dukani mbio, akaigeuza, akachapisha upya. Na kweli, baba akawa anatazama upande ule waliokuwa wakiukumbuka, na kitu fulani kwenye nyusi kikakaa mahali pake. Kwa mara ya kwanza tangu mwanasheria ageuziwe ukutani, Sabuni alipata tumaini.

Mama alipewa picha akiwa ameketi barazani. Aliivuta karibu, akaisogeza mbali. Akatabasamu.

"Shati hili nimelifua mimi," alisema. "Hiki kifungo nilimwambia alete nikishone, hakuleta."

"Eeh, mama," dada alisema.

"Nalijua shati." Aliinua macho kwa Sabuni. "Nani kalivaa?"

Basi kikabaki kitu kimoja cha kufanya, nacho ni kuzichora cheche upya. Sabuni alifunga duka mapema, dada akaja akakaa kwenye stuli ya wateja, karibu na kioo. Programu mpya alikuwa ameanza kuizoea. Aliipata brashi ndogo bila kupapasa. Alifungua leya mpya, safari hii akaifungua kweli, akaiweka juu ya uso.

"Zilianzia wapi?" aliuliza.

"Hapa, chini ya jicho. Shavu la kulia."

"La kushoto. Alikuwa anainamisha kichwa hivi."

"Alishika mashine kwa mkono wa kulia, moto unamrukia kulia. Mimi nilikuwa mkubwa, wewe ulikuwa unacheza na misumari."

"Nilikuwa nakaa kwenye mapaja yake. Nilikuwa naziona."

"Mapajani si ulimpa mgongo, uliziona kwa kisogo?"

Walicheka, kisha hawakucheka. Sabuni alichora upande wa kulia, dada akasema kubwa mno. Akazipunguza, dada akasema sasa ni kama chunusi. Akazihamishia kushoto, dada akakaa akitazama muda mrefu, akasema hata kushoto inaweza kuwa. Kadiri walivyozidi kuzitia na kuzitoa, ndivyo ile sura waliyokuwa nayo kichwani ilivyozidi kufifia, na mwisho kila mmoja alikuwa anakumbuka picha ya kwenye kioo tu. Sabuni aliona hilo likitokea na hakujua alizuie vipi. Mkono uliokuwa hodari wa kutoa haukuwa umejifunza kuweka.

"Acha hapo," dada alisema. "Tukiendelea tutampoteza na sisi."

Waliziacha upande wa kulia, chache, zikishuka mpaka shingoni. Zilikuwa nzuri. Mtu asiyemjua baba angeapa ni zake.

Asubuhi Sabuni aliingia chumbani kwa mama na picha ile, ikiwa ndani ya fremu ileile ya dhahabu ambamo mwanasheria ametolewa. Dada alibaki mlangoni na futikamba yake shingoni. Mama aliiweka mapajani. Alitazama shati, akalipapasa kifungo ambacho hakipo. Kisha kidole kikapanda juu, polepole, kikafika shavuni. Kikasimama kwenye kidoa cha kwanza.

Sabuni alikuwa akingoja neno moja tu, mageti.

Kidole kikasugua. Mama alikunja uso, akakisogeza kwenye kidoa cha pili, akasugua tena. Akatoa kitambaa mkononi mwa gauni lake, akakigusisha ulimini, akaanza kupangusa kioo cha fremu, kwa subira, kidoa baada ya kidoa, kama mtu anayemsafisha mtoto kabla ya kutoka.

"Haitoki," alisema. "Picha nzuri, lakini mmeichafua."

Dada aliondoka mlangoni. Zikasikika hatua zake zikienda jikoni, na bomba likafunguliwa, likaachwa linamwagika.

Mama alimtazama Sabuni kwa ile adabu anayowapa wageni, akamkabidhi fremu kwa mikono miwili.

"Fundi," alisema, "si unaweza kuzisafisha hizi?"

Sabuni aliipokea. Kwenye kioo, juu ya shavu la baba yake, unyevu wa kitambaa ulikuwa unakauka.

"Naweza, mama," alisema.